Jiji Lisilojitembelea

Mgeni akishuka Dar es Salaam akauliza aende akaone nini, hupewa majibu yasiyopatana. Mmoja atamwambia hapa hapana kitu, apande boti ya Unguja au ndege ya Arusha. Mwingine atampeleka Coco Beach, kisiwa cha Mbudya, kisha Mlimani City. Wa tatu, mara nyingi mzee wa vijiji vya zamani vya pwani, atasema historia ipo tele ila iko nje ya mji, na kufika huko sharti umpate wa kukupeleka. Mkanganyiko huu si wa wageni peke yao. Kijana anaweza kuzaliwa Mbagala, kusoma Mbagala hadi kidato cha nne, akaijua Ngome Kongwe ya Unguja kwa picha za kitabuni, asijue kwamba Kigamboni, ng'ambo tu ya mkondo, kuna magofu ya mji uliopokea majahazi kabla Dar es Salaam haijapewa jina.

Swali limepata uzito mpya kwa sababu ya fedha. Watalii wa kimataifa walioingia nchini walipita milioni 2 mwaka 2024, miaka miwili baada ya Royal Tour, filamu ya kuitangaza nchi, na kila halmashauri sasa inatafuta fungu lake. Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka kwao, nazo zinaulizwa zina nini cha kuonyesha. Hapo mjadala hupotea njia, maana maswali mawili huulizwa kama moja. Kujua kama kitu kipo ni jambo moja. Kuamua kionyeshwe kwa nani, na kwa masharti gani, ni jambo jingine kabisa.

Uzee wa jiji uko pembezoni

Miji mingi ya kale yenye sifa ina kiini kikongwe katikati na mitaa mipya pembeni. Toledo ya Hispania, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, iko hivyo: mtalii akishavuka lango la ukuta, kila uchochoro una karne yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar na ule wa Lamu nayo iko hivyo. Aliyezoea mpangilio huo akija Dar es Salaam ataanzia Posta. Ataliona Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, kanisa la Kilutheri la Azania Front, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Katika saa mbili atakuwa amemaliza, na ataondoka akiamini kwamba mji huu ni mtoto.

Dar es Salaam imepangika kinyume. Katikati ndiko kuchanga. Majid bin Said alianza kujenga mji wake miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafa mwaka 1870 kazi haijaisha, na Wajerumani wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Vikongwe viko nje: Kunduchi na Msasani upande wa kaskazini, Mbuamaji na Kimbiji upande wa kusini. Huko walikaa Washomvi, Waswahili wa Mrima, yaani ukanda huu wa pwani, ambao simulizi zao hutaja asili ya Barawa, wakivua, wakichemsha chumvi na kufanya biashara na Wazaramo wa bara. Simulizi hizohizo zinaeleza jinsi Pazi Kilama na Wazaramo wake walivyowasaidia Washomvi kuwafukuza Wakamba, na jinsi deni hilo lilivyolipwa mwaka hata mwaka kwa malipo yaliyoitwa kanda la Pazi. Huo ni mkataba wa kisiasa kati ya pwani na bara, uliodumu vizazi kadhaa, na vijiji vya Washomvi walioufunga vimo ndani ya mipaka ya jiji la leo.

Kunduchi ndiyo yenye mengi ya kuona kwa macho. Kuna mabaki ya msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na kando yake makaburi ya karne ya 18 na 19, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Kwenye kuta na nguzo hizo wajenzi walipachika vyombo vya kauri kutoka China, bakuli na sahani za buluu na nyeupe, vikawa pambo na pia tangazo la hadhi ya marehemu. Vingi vimeng'olewa, na mahali vilipokuwa pamebaki matundu ya mviringo. Aliyeona makaburi ya Kaole karibu na Bagamoyo ataitambua familia hiyo moja ya ujenzi. Tofauti ni kwamba Kaole huwa katika kila orodha ya safari za Bagamoyo, ilhali Kunduchi imezungukwa na mji unaopita mbio kuelekea Tegeta.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa njia ya bahari, akipitia Mombasa. Miaka kama 20 baadaye alikuwa Granada, huko Hispania ya Waislamu. Yaani katika karne ya 14 mtu mmoja mwenye elimu aliona inafaa kuitembelea miji ya pwani yetu na miji ya Andalusia katika maisha yaleyale, akaisimulia yote kwa uzito. Leo kasri la Alhambra la Granada huwekewa kikomo cha wageni na tiketi za saa maalumu kwa sababu watu ni wengi mno. Pwani aliyoipita kati ya Mombasa na Kilwa bado tunabishana kama ina cha kuonyesha.

Tabaka la pili ni la karne ya 20, na hili ni mali ya pembezoni zaidi kuliko la kwanza. Waingereza waliligawa jiji kwa rangi: Oysterbay kwa Wazungu, Upanga kwa Wahindi, na Waafrika wakapangiwa Ilala, Magomeni na Temeke. Ubaguzi huo ndio ulioifanya siasa ya uhuru ikue uswahilini. Mwalimu Nyerere alikuwa na nyumba Magomeni, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho, ndogo na ya kawaida kiasi kwamba asiyeijua ataipita. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika kupandishwa katika uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, Temeke. Jirani tu, kwenye Barabara ya Kilwa, viko viwanja vya Sabasaba, ambavyo jina lake linatokana na tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa.

Kisha uhuru wa wengine ukapangwa hapahapa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilifanya makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963. FRELIMO, harakati ya ukombozi ya Msumbiji, iliundwa katika jiji hili mwezi Juni 1962, na Taasisi ya Msumbiji, shule ya wakimbizi vijana wa nchi hiyo, ilikuwa Kurasini. Kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya pwani upande wa Oysterbay. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Chuo Kikuu, Mlimani, akiwa huko akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1972 na kubadilisha namna Waafrika wanavyoisoma historia ya umaskini wao. Kwa raia wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe au Angola, mitaa hii ni sehemu ya historia ya kwao.

Sanaa ina ramani yake. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilianzishwa mwaka 1967 kuonyesha nyumba za jadi za watu mbalimbali wa Tanzania. Mwenge wako wachongaji wa vinyago. Msasani wako wachoraji waliorithi mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi aliyemdhania mhalifu. Na singeli, muziki uliotoka katika vigodoro vya Tandale, Manzese na Temeke, haujapata umri wa kuitwa wa kale, lakini mgeni anayetaka kuujua mji huu hawezi kuuruka.

Kwa nini hayaonekani

Sababu inayotajwa haraka ni kwamba Mtanzania akisikia utalii humwona tembo. Ni kweli, lakini haitoshi. Mombasa nayo iko kwenye nchi ya wanyama, na Fort Jesus ina wageni. Sababu nzito zaidi ziko katika sheria, utawala na ardhi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hayana kinga hadi yatangazwe rasmi kuwa ya kulindwa. Mwaka huo wa mpaka unaangukia karibu kabisa na mwaka Majid alipoanza kujenga. Maana yake ni kwamba Dar es Salaam, karibu yote inayojulikana kwa jina hilo, ilizaliwa upande usio na kinga. Kunduchi na Mbuamaji zina ulinzi wa karatasi kwa sababu ya umri wao. Nyumba ambamo wapigania uhuru walilala, wakachapa magazeti yao na kupanga vita haina hata karatasi hiyo mpaka mtu aiombee. Mwenye nyumba akiuza, mnunuzi akabomoa na kupandisha ghorofa, hakuna kosa lililotendeka. Kurasini leo ni eneo la maghala, matangi ya mafuta na malori ya bandari. Aliyepanga upanuzi wa bandari hakulazimika kujiuliza nani alisoma pale mwaka 1965.

Upande wa utawala, magofu yako chini ya wizara inayohusika na maliasili na utalii, ardhi inayoyazunguka iko chini ya manispaa, na makaburi yenyewe ni ya ukoo na ya msikiti. Kila mmoja ana haki, na hakuna mwenye wajibu wa kufyeka nyasi. Tatizo liliongezeka Februari 2021, Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji. Huenda kulikuwa na sababu nzuri za kupunguza gharama. Hata hivyo njia ya kutalii haifuati mipaka ya manispaa: anayeanza Magomeni, akapita Uwanja wa Uhuru na kumalizia Mbuamaji amevuka Kinondoni, Temeke na Kigamboni, na hakuna chombo kimoja cha wananchi wa jiji zima kinachoweza kuipanga safari hiyo, kuweka vibao vyake na kugawana mapato yake.

Ardhi ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728, kati yao 1,346,674 wakiwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Kijiji kilichokuwa safari ya nusu siku sasa ni kituo cha daladala. Kunduchi Mtongani watu wameponda kokoto kwa miaka mingi, na kokoto hizo ndizo zilizojenga nyumba za wengine. Kwa mama anayelisha watoto kwa ndoo za kokoto, jiwe ni riziki kabla halijawa urithi, na mpango wowote wa kuhifadhi unaomwona yeye kama adui umekosea tangu mwanzo.

Wanaosema Dar ni mlango tu

Kuhusu la kufanya kuna misimamo minne. Wa kwanza unasema jiji hili lina kazi yake: bandari, biashara, ofisi, Kariakoo. Mtalii anapita. Fedha za umma ni chache, na shilingi iliyowekwa Ngorongoro au Mji Mkongwe itarudi haraka kuliko iliyowekwa kwenye ukuta uliobomoka Kigamboni. Mgeni mwenye siku nane hatatoa mbili kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo.

Hoja hii ina nguvu ya hesabu, na wanaoipuuza hawajawahi kuandaa bajeti ya halmashauri. Udhaifu wake ni kumdhania mtalii kuwa Mzungu mwenye begi mgongoni. Soko la kwanza la Dar es Salaam ni wakazi wake milioni 5 na ushei: wanafunzi wanaohitaji ziara za masomo, familia zinazotafuta pa kwenda Jumapili bila kulipa kiingilio cha hoteli, maharusi wanaotafuta mandhari ya picha, na wajukuu wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kundi hili halihitaji ndege wala viza. Isitoshe, mlango nao hutengenezwa. Mgeni anayelala usiku mmoja zaidi kwa sababu ana la kuona kesho yake huacha fedha kwa dereva wa bajaji, mama lishe na mchonga vinyago, watu ambao fedha za mbugani haziwafikii kwa urahisi.

Wanaotaka kujenga kwa ukubwa

Wa pili wanataka hoteli, bandari ya boti za starehe, maduka makubwa na fukwe zilizopangwa. Wanaonyesha Daraja la Nyerere la mwaka 2016 lililoifanya Kigamboni kuwa ya kufikika bila kusubiri pantoni, Daraja la Tanzanite la mwaka 2022, na njia za mwendokasi zilizofika hadi Mbagala. Miundombinu imeshalipiwa, wanasema, kinachokosekana ni uwekezaji wa kuitumia.

Ajira zinazoahidiwa si ndoto. Hoteli moja kubwa huajiri watu wengi kuliko magofu yote ya Mrima kwa pamoja. Ila gharama zake huonekana zikiwa zimechelewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na bado mkazi wa Mbezi Beach hupita kati ya kuta ndefu kutafuta upenyo wa kufika majini. Bahari yenyewe imekwisha kutoa onyo. Mmomonyoko wa ufukwe uliimaliza hoteli ya Africana upande wa Kunduchi, na kilichobaki kwa watu ni jina la kituo cha daladala. Wataalamu walihusisha mmomonyoko huo na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayolisha ufukwe, mchanga uliokwenda kujenga jiji hilohilo.

Kuna pia funzo la waliotutangulia. Hispania ilipokea watalii wapatao milioni 94 mwaka 2024, na mwaka huohuo wakazi wa Barcelona waliandamana kupinga kodi za nyumba zilizopaa. Meya wao akatangaza kwamba leseni zote za nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, zitafutwa ifikapo mwishoni mwa 2028. Mji ulitafuta wageni kwa bidii, ukawapata, kisha ukaanza kutafuta namna ya kuwarudishia wenyeji nyumba. Karibu zaidi na sisi, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, hoteli zikaongezeka, umaarufu ukakua, na bado sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu. Sifa ya dunia haikuezeka upya paa bovu wala kuimarisha ukuta. Kinachofanya kazi hiyo ni fungu la matengenezo la kila mwaka, fundi anayejua chokaa, na mtu mwenye jina na cheo anayewajibika.

Ziara za uswahilini

Msimamo wa tatu umezuka kwa vijana waongoza wageni: kumtembeza mgeni Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala kwa miguu au baiskeli, anywe kahawa barazani, aone maisha yalivyo. Hauhitaji jengo wala mwekezaji. Fedha hufika mtaani siku hiyohiyo.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu jambo moja linaweza kuwa jema au baya kwa namna linavyofanywa. Uswahilini ni ustaarabu wenye adabu zake. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele ni uvumbuzi wa mji huu na wa pwani yote. Imewawezesha watu wa makabila zaidi ya mia kuishi chini ya paa moja, wapangaji wakishirikiana jiko, bafu, misiba na ngoma. Ni urithi kama ulivyo mlango wa Zanzibar, na unatoweka haraka. Magomeni, nyumba za zamani za kota zilibomolewa, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Wakazi walistahili makazi bora, na hakuna mhifadhi mwenye haki ya kuwataka wabaki kwenye nyumba inayovuja ili mgeni apige picha. Lakini nyumba moja, mbili, zingeweza kununuliwa na kutunzwa mahali pake, Magomeni au Temeke, na vyombo vyake na majina ya walioishi humo.

Ubaya huingia pale umaskini wenyewe unapogeuzwa kuwa maonyesho. Ziara za Kibera, Nairobi, zimelalamikiwa kwa miaka kwa sababu hiyo: mtu anapigwa picha akiwa dirishani kwake, wala hakuulizwa. Mpaka uko wazi kwa anayetaka kuuona. Mwenyeji akiwa ndiye anayesimulia, akalipwa, na akaweza kukataa, hiyo ni ziara. Akiwa mandhari, hiyo ni dhuluma, hata kama mgeni ametoa zawadi ya penseli.

Wanaotaka waliolala waachwe

Sauti ya nne husikika kidogo katika semina, lakini kwenye vijiji vya pwani ina uzito. Makaburi ya Kunduchi na Mbuamaji si jumba la sanaa. Wapo wanaokwenda kuomba dua, wapo wanaoweka nadhiri, wapo wenye majina ya ukoo yanayoishia pale. Kuweka geti na tiketi ni kumtoza mjukuu kiingilio cha kwenda kumwombea babu yake.

Hoja hii haiwezi kuondolewa kwa kusema utalii ni maendeleo. Ina ukweli na ina haki. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: kuachwa peke yake hakujayalinda makaburi hayo. Bakuli za kauri hazikung'olewa na watalii wenye tiketi. Ziliondoka wakati hakuna mlinzi, hakuna uzio, na mahali pameonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Jiji lenye watu milioni 5 haliachi eneo tupu likabaki tupu. Usipolipangia kazi, mwingine atalipangia.

Mizani

Misimamo hii minne hupigana kwa sababu kila mmoja umeanza na mgeni wa nje, ama kumtaka, ama kumkwepa, ama kumwogopa. Ukianza na mkazi, mengi yananyooka. Mwanafunzi wa Temeke anahitaji kuiona Mbuamaji kwa sababu ileile ambayo mwanafunzi wa Granada hupelekwa Alhambra: ajue kwamba mahali anapotoka palikuwepo kabla ya mkoloni, palijenga kwa mawe, palifanya biashara na China. Ziara hiyo ina thamani hata asipokuja mtalii mmoja. Na mahali palipotunzwa kwa ajili ya wanafunzi huwa pamekwisha kuwa tayari kwa wageni, bila kuwa mateka wao.

Kwa kipimo hicho, wanaosema Dar ni mlango wana haki kuhusu uchache wa fedha, na kosa lao ni kuhusu mnunuzi. Wanaotaka ukubwa wana haki kuhusu ajira, lakini wanaweka hoteli mahali pa matengenezo. Ziara za uswahilini zifanywe, mradi serikali ya mtaa ijue nani anapita na kwa ridhaa ya nani. Wenye makaburi wawe wa kwanza mezani, waingie bure siku zote, na walinzi waajiriwe kutoka koo zao.

Mpangilio wa kazi ndio unaoamua. Kosa la kawaida ni kuanza na kibao, kipeperushi na uzinduzi wenye ngoma. Kinachotangazwa kabla ya kulindwa hupandisha bei ya viwanja jirani, na uzio wa jirani husogea. Kwanza ipimwe ardhi. Palipo na hati, mipaka yake iwekwe bikoni zinazoonekana; pasipo na hati, itolewe kwa jina la umma. Pili, iandaliwe orodha ya nyumba za karne ya 20 zinazostahili kutangazwa chini ya sheria ya 1964: za wapigania uhuru wa Kurasini, Msasani na Oysterbay, na angalau nyumba moja ya Kiswahili katika kila manispaa. Waliozijua nyumba hizo ni wazee wenye miaka 75 na zaidi, na kila msiba unapunguza orodha. Tatu, manispaa zitie saini makubaliano ya njia moja ya pamoja, kwa kuwa chombo kilichoziunganisha hakipo tena. Vibao na wageni wafuate baada ya hayo.

Kazi hii haihitaji mfadhili wa nje kuanza. Kupima eneo la Kunduchi na la Mbuamaji ni kazi ya ofisi za ardhi ambazo tayari zipo na wapimaji wanaolipwa mshahara. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti hupita kwa madiwani miezi kadhaa kabla. Wananchi wa Kunduchi, Msasani, Magomeni, Kurasini na Kigamboni, mwulizeni diwani wenu kama vipimo hivyo vimo katika bajeti ijayo, na kama havimo, mtakeni aviingize.